Nguo Nyeusi Mara ya Pili

Nyumba tuliyopewa baada ya harusi ilikuwa ya Wazungu wa misheni, ya matofali mekundu, yenye baraza pana na dari ya juu mno. Zamani ilikuwa porini, nje ya mji. Siku hizi mtaa wa Kampemba umeifuata mpaka mlangoni: ukifungua dirisha la jikoni unakutana na kibanda cha vocha, mama anayekaanga mandazi, na pikipiki zinazopiga honi kana kwamba zimelipwa kwa kazi hiyo. Mume wangu alikuwa mchungaji kijana, na kanisa lake ndilo lililoirithi misheni. Mimi nilizaliwa Mkatoliki, binti wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga. Nilihamia kanisa la mume kama wanawake wengi wanavyohamia, bila kujisumbua sana na tofauti. Mungu ni mmoja, nilisema. Kumbe makomite ya wazee wa kanisa ni mengi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la mzungu. Ndiye aliyeijenga nyumba, akaletewa mke kutoka kwao, na kabla ndoa haijatulia homa ikamchukua yeye mume. Kila mwaka, katika sikukuu ya kanisa, habari ya mjane wake husimuliwa mimbarani. Alivua nguo nyeusi siku ya tatu, akasimama mbele ya wanawake kuwafundisha kusoma, na mwaka haukuisha kabla hajaolewa na mmisheni mwenzake marehemu. Hapo watu hupiga makofi. Mume wangu alinipeleka kwenye kaburi lile wiki ya kwanza ya ndoa yetu, akaniambia kwamba mjane huyo alikuwa mwanamke wa imani. Nikamuuliza kama alimpenda yule mume wa pili. Akacheka, akasema historia ya kanisa haisemi. Ndivyo nilivyo, nauliza lile ambalo wenzangu wamelipigia makofi.

Mume wangu alikufa kwenye barabara ya Kasumbalesa. Mpakani kule kuna ushirika mdogo wa madereva na wake wa madereva, watu wanaongoja foleni ya malori mpaka wanazoeana, naye alikuwa akienda kuwahubiria. Lori lililobeba saruji lilipoteza breki. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu zaidi ya hapo sijui kitu ila kelele yangu mwenyewe. Binti yetu alikuwa bado anajifunza kutaja majina ya vitu. Alikuwa amefika kwenye kijiko.

Mama mkwe alishuka kwa treni kutoka kaskazini. Nilimwogopa tangu siku ya uchumba. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka, na akiingia kwako huangalia sufuria kabla ya kukuangalia uso. Alinikuta nimekaa kwenye mkeka, hakulia mbele yangu, akafungua kifurushi na kutoa kitambaa cheusi. Alinifunga kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akanivisha na nguo nyeusi, wanawake wa ukoo wakishuhudia. Kwetu sheria ni moja na haina mjadala: mkono uliokufunga weusi ndio utakaokufungua. Mwaka ukitimia, ukoo wa mume unarudi. Wanakutoa mufu, yaani wanamwondoa marehemu mwilini mwako, na siku hiyohiyo wanasema nani atakuwa mupyani, mrithi wa marehemu.

Sasa neno hilo, mupyani, lina milango mingi. Kuna koo ambazo siku hizi wanakufunga ushanga mweupe mkononi, wanakubariki, mambo yamekwisha. Kuna koo ambazo mrithi anachukua jina na koti la marehemu tu. Na kuna koo ambazo mrithi anamchukua mjane. Ukoo wa mume wangu hawakuniambia wao ni wa mlango gani, nami sikuthubutu kuuliza. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo liliniziba mdomo.

Nilijua tu jina lililokuwa likitajwa. Alikuwa ndugu mdogo wa mume wangu, wakala wa forodha kule Kasumbalesa, mtu wa viatu vinavyong'aa na simu mbili. Alikuwa na mke tayari. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Kila alipokuja mjini alituletea unga wa Zambia na sabuni, akambeba mtoto, akamrusha juu. Siku moja akiondoka alisimama kwenye baraza na kuniambia, "Usiogope, maman. Familia itapanga." Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kuogopa.

Ningekuwa peke yangu, ningefunga mizigo nirudi kwa baba yangu. Lakini mtoto kwao ni wa upande wa baba. Nikimkataa mrithi, naweza kwenda zangu, mlango uko wazi; mtoto anabaki na wenyewe. Nilipomweleza baba yangu, alivua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa tena. "Tulikula mali yabo, mwanangu," akasema, maana yake mahari. "Nitasema nini mbele yabo?" Sikumlaumu. Lakini nilirudi nyumbani nikijua kwamba huko hakuna mlango.

Mwaka ule niliuishi roho mkononi. Pikipiki ikisimama nje nilikuwa nimeshafika dirishani. Nilimpeleka mtoto shuleni kwangu, shule ya msingi ya kanisa nilikofundisha, nikamkalisha nyuma ya darasa juu ya gunia, ili nisimwache kwa jirani. Wanafunzi walimzoea, wakawa wanamwazima kalamu. Mkurugenzi wa shule alivumilia kwa sababu nilikuwa mjane wa mchungaji. Usiku simu ilikaa chini ya mto. Nilikuwa nakonda, na watu walinisifu, wakisema kweli ninamlilia mume wangu. Nilimlilia, ndiyo. Lakini kilichokuwa kikinila nyama si kilio, ni hofu, na hofu haina hata adabu ya kukupisha ule.

Kisha dada ya mume wangu, anayekaa Kampemba hiihii, alikuja mchana mmoja na uzi mfukoni. Alimwita mtoto, akamkalisha kwenye ngazi ya baraza, akaupima mguu wake kwa uzi ule na kufunga fundo. "Tunataka kumununulia viatu," akaniambia. "Vya kwenda wapi?" nikauliza. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Vya kutembea," akasema. Alipoondoka nilimbeba mtoto mpaka nyuma ya nyumba, nikakaa naye karibu na kaburi la mzungu mpaka giza likaingia.

Mwaka ulipokuwa ukielekea mwisho, mke wa mchungaji mkuu alinitembelea. Huyu alikuwa mkubwa wa akina mama wa kanisa, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri na sauti ya kuamrisha, na sijawahi kumwona akishindwa na jambo isipokuwa ngazi. Alikaa, akavuta pumzi, akaniambia kwamba kanisa haliwezi kukubali mjane wa mchungaji atolewe mufu kipagani. Nikikubali, nitawekwa chini ya nidhamu. Sitashiriki meza ya Bwana, wala sitafundisha watoto.

"Na nikikataa wanamchukua mtoto," nikasema.

"Sikia," akasema, akashusha sauti. "Siye njo tutakutosha matanga. Mbele yabo. Siku ya Yenga, mu kanisa, mu maombi. Bakikuya, batakuta kazi imeisha. Batatosha nini tena?"

Alikuwa akisema wao ndio watakaonitoa matanga, Jumapili, kabla wakwe hawajafika. Akaniletea mfano wa yule mjane wa kizungu, aliyevua weusi siku ya tatu bila kungoja ruhusa ya mtu. "Uko mu nyumba yake," akasema. "Ufanye sawa yeye."

Basi nikamwambia lililokuwa likinizunguka kichwani miezi mingi. Nikasema yule mama wa kizungu, ukiangalia vizuri, naye alipyanwa, alirithiwa. Mume alikufa, wakubwa wa misheni hawakutaka mwanamke peke yake katika nyumba ya misheni, ama apande treni arudi kwao, ama aolewe na mwenzake marehemu, aliyekuwa tayari amerithi kazi, farasi na vitabu. Akamrithi na mke. Tofauti iko wapi, mama?

"Usifananishe," akasema. "Ile ilikuwa ndoa ya kanisa."

Sikubishana tena. Najua ningebishana kama ningekuwa na akili ya kutulia, lakini maji yalikuwa yamenifika shingoni, na mtu wa namna hiyo hachagui kamba. Nilikubali.

Jumapili ile walinivua. Akina mama walinizunguka na vitenge vyao vya sare, wakaimba, mkubwa wao akafungua kitambaa cheusi kichwani pangu, wakanifunga cheupe. Nywele zangu zilisikia hewa. Sitadanganya, nilifurahi. Nilimwona binti yangu akinishangaa, maana hakunikumbuka bila weusi, kisha akaja kunishika magoti. Tulikula wali na kuku kwenye baraza la nyumba yangu, nikalala siku hiyo kama mtu mwenye watu nyuma yake.

Siku chache baadaye niliamka nikakuta mwanamke mgeni kwenye baraza, na kamba ya kupimia mkononi. Alinisalimu vizuri sana. Alikuwa mke wa mchungaji mpya, amekuja kupima madirisha kwa ajili ya pazia. Sikuelewa. Akaona haya, akanieleza taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba ana kitu kwenye meno: kanuni ya kanisa inampa mjane wa mchungaji nyumba mpaka mwisho wa matanga, na matanga si yalikwisha Jumapili? Komite ilikuwa imekaa. Nilimshikia upande mmoja wa kamba akapima madirisha yote ya mbele, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Wala hawakukusudia ubaya. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Mkubwa wa akina mama alipojua alilia kweli, akaenda kugombana na komite, akarudi na mwezi mmoja wa nyongeza. Hakuwa amefikiria nyumba. Alifikiria mufu tu, na ushindi dhidi ya mufu. Na mimi niliyejiona mjanja wa kufasiri historia za Wazungu, kanuni ya paa langu mwenyewe sikuikumbuka.

Kisha wakafika wakwe.

Ilikuwa Jumamosi, asubuhi, joto lile la mwezi wa kumi kabla ya mvua, jacaranda zimemwaga maua mpaka njia imebadilika rangi. Walikuja wengi: mama mkwe kutoka kaskazini, dada ya mume wangu na viatu vipya vya mtoto ndani ya mfuko, wajomba wawili, na shemeji yangu wa Kasumbalesa katika suti. Kwa upande wangu alikuwepo baba yangu, na mkubwa wa akina mama aliyekuja bila kuitwa na kukaa karibu na mlango, mkoba juu ya mapaja. Nilitoka jikoni kuwapokea nikiwa na kitambaa cheupe kichwani. Nilikuwa nimefikiria sana kama nivae kile cheusi ili kupunguza moto, nikaona huo ungekuwa uongo.

Mazungumzo yalikatika. Mjomba mmoja akaweka chini kifurushi alichokuwa amekishika. Mama mkwe aliniangalia kichwani, safari hii hakuangalia sufuria.

"Nani alitosha nguo ya matanga ya mutoto wangu?" akauliza.

Mkubwa wa akina mama akajibu kwa niaba yangu, sauti yake ya kanisani: ni kanisa, katika jina la Bwana, na hata mama wa misheni aliyekaa katika nyumba hiihii alivua weusi mwenyewe na Mungu akambariki. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akanigeukia mimi, kana kwamba yule mwenzake ni redio.

"Ule muzungu alikuwa na trene ya kumurudisha kwabo," akasema. "Weye uko na nini?"

Mjomba mkubwa akasema mwanamke anayejivua mwenyewe ana mwanamume anayemngoja, kila mtu anajua hivyo. Dada ya mume wangu akasema basi mtoto aende leo, kwa nini kungoja, na akamwita mtoto kwa jina la nyumbani ili amvishe viatu. Mtoto akamwendea. Viatu vilikuwa vizuri, vyekundu. Baba yangu alivua miwani.

Shemeji akasimama, akajirekebisha suti, akaanza kusema kwamba hakuna haja ya kugombana, yeye yuko tayari, atachukua mzigo wa ndugu yake wote. Alisema "wote" akiniangalia. Basi nikaujua mlango wa ukoo ule, baada ya mwaka mzima wa kutouliza.

"Ikala," mama mkwe akamwambia. Akaketi.

Mama mkwe akasema maneno yafuatayo polepole, kwa wote, kama anayesoma hukumu. Matanga yaliyovunjwa hayajaisha. Yanaanza tena leo, kutoka mwanzo. "Na mujane mwenye iko mu matanga, hakuna mutu anamusemesha maneno ya mupyani. Na mutoto hatatoka ku mikono yake mupaka matanga iishe. Njo sheria yetu, sikuitunga miye." Akaagiza kile kitambaa cheusi kiletwe.

Wajomba walinung'unika, lakini ilikuwa adhabu, na hakuna mjomba anayekataa mjane aadhibiwe. Mkubwa wa akina mama ndiye aliyesimama. Aliniambia kwamba nikiinamisha kichwa kwa kitambaa kile nimechagua mila, nimekana Jumapili ile mbele ya mashahidi, na yeye mwenyewe, ingawa ananipenda, atalazimika kulipeleka kwa komite. Alikuwa na machozi. Nilijua alichokuwa akiniambia: kazi, meza ya Bwana, wenzangu wote wa sare. Fahali wawili wakipigana, nyasi huumia. Lakini siku ile nyasi ziliulizwa ziegemee upande gani, na hilo ni baya zaidi.

Nilimtazama binti yangu akikanyaga sakafu kwa viatu vyekundu kusikia vinavyolia. Nikapiga magoti.

Mama mkwe aliinama kunifunga. Siku ya kifo alifunga mara moja; sasa akakosea fundo, akaanza upya. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu, na watu wengine walikuwa wamekwishaanza kuzungumza.

"Vaa, mwanangu," akaninong'oneza. "Ule mwenye kuikala pale na suti, nilimuzaa na ndugu ya bwana yangu. Balinipatia ule ndugu siku ya kutosha mufu, nikakubali. Baba yake sikumutaka hata siku moja."

Akakaza fundo, akanyanyuka, akauliza kwa sauti yake ya kawaida kama nyumba hii haina bukari, ugali wa wageni, maana watu wametoka mbali.

Yaliyofuata yalifuata kama nilivyoahidiwa. Komite iliniweka chini ya nidhamu, nikaacha darasa, nikatoka katika nyumba ya misheni na virago vyangu juu ya mkokoteni. Tunakaa chumba na sebule hapahapa Kampemba, nashona sare za shule mlangoni. Mkubwa wa akina mama hupita upande ule mwingine wa barabara. Siku nyingine huleta kitambaa cha kushonwa na kuongea habari za bei tu. Weusi wangu unapauka kwa jua, wateja wananiuliza ninalia mpaka lini. Nawajibu mpaka mama mkwe atakapokuja.

Naye amekuja, ila si kwa hilo. Moyo wake umekuwa mbaya, miguu imevimba, wamemleta kwa binti yake ili awe karibu na hospitali. Mwaka wa pili wa matanga ulitimia kabla ya mvua. Nilikwenda nikakaa naye kitandani, wajomba wapo, shemeji yupo, wote wanangoja anifungue. Alinitazama, akasema leo hana nguvu mikononi. Walipotaka dada ya mume wangu anifungue kwa niaba yake, akawakumbusha sheria: mkono uliofunga. Shemeji akatoka nje kupiga simu, moja kati ya zile mbili.

Tangu hapo sipitishi siku bila kwenda kwake. Nampikia sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, nalalamikiwa, namkanda miguu, nauliza wauguzi maswali mpaka wananikimbia. Majirani wanasema hajapata kuonekana mkamwana mwenye upendo kama huu. Huenda ni upendo, siwezi tena kuutenganisha. Ninachojua ni kwamba mwanamke niliyemwogopa kuliko mtu yeyote duniani, sasa namwombea asife, asubuhi na jioni, maana mkono uliofunga ukifa ukoo huchagua mwingine, na siku atakayokata roho hakutakuwa na mkono wa kusema hauna nguvu, na watakuja kumchukua mtoto wangu.